Shemeji, Ulikuwa Ukilinda Tumbaku

Mpendwa shemeji Deo,

Nakuomba kwa jina la dada yangu, neno hata moja la karatasi hii lisitoke kwako. Isome ukiwa peke yako, uichane vipande vidogo, uitumbukize chooni. Usimwonyeshe hata yule mnayelala naye mkeka mmoja humo mahabusu. Simjui, na siku hizi simwamini mtu nisiyemjua.

Dada Skola ni mzima, wanao wazima. Tumbaku iliyokuwa ikikaushwa ndani ya bani siku mlipokamatwa imeota ukungu yote, maana moto ulizimika na hakuna aliyethubutu kwenda kuuwasha. Nakuambia mimi ili usije ukasikia kwa mtu mwingine.

Unakumbuka likizo yangu ya kwanza hapo kwenu Katumba? Nimetoka sekondari, nimevaa suruali ya kupiga pasi, ukanikalisha mlangoni mwa bani pamoja na jirani zako. Ukanieleza kwamba majani yakishaning'inizwa humo ndani, moto haulali, na wanaume hupokezana zamu usiku na mchana mpaka yakauke. Jua lilikuwa kali, na joto la bani juu yake, nikasinzia. Ukanirushia ganda la muhogo.

"Amka, msomi! Kuni hazisomwi, zinasukumwa."

"Niache, shemeji, nimechoka."

"Nyie Wakonongo mnajua kuvizia asali tu. Kazi ya wanaume hamuiwezi."

"Na nyie Warundi mkikosa maharage siku moja mnalia."

Jirani zako walicheka mpaka mmoja akapaliwa na moshi.

Nakumbuka pia walipokuja wale watu wasiotaja majina, wakitaka mahindi na vijana kwa ajili ya vita vya kwenu. Ulisimama mlangoni na shoka la kuni mkononi. "Vita mimi nilivikimbia nikiwa mgongoni kwa mama," uliwaambia. "Leo mnataka nivifuate kwa miguu yangu?" Waliondoka wakikutukana. Kwa hiyo sikatai kwamba wenye bunduki wapo. Wanaua watu, na Serikali ina wajibu wa kuwatafuta. Na mimi nataka kulala salama kama mtu mwingine yeyote.

Ila wewe si mmoja wao, na mimi ninajua.

Ulipoingizwa kwenye chumba kile cha mahojiano, uliniona mimi, karani wao, nimekaa na mashine yangu ya chapa. Ukageuza uso kama mtu asiyenijua. Nilielewa: ulikuwa unaniokolea kazi. Afande aliyekuhoji ametoka mbali, sidhani kama amewahi kuona bani. Askari wake waliwakuta wanaume watatu kwenye moto, wanapokezana kulala, mapanga na shoka kando, wanaongea Kirundi. Kwake yeye hicho ni kituo cha waasi.

"Mlikuwa mnalinda nini?"

"Tumbaku, mzee."

"Tumbaku ina miguu? Ingekimbia?"

"Haikimbii, mzee. Inaoza."

Nikaandika hivyo hivyo. Ulipoanza kumweleza habari za wale waliokuja kutaka vijana, alikukatiza. Hata hilo nililiandika.

Kesho yake aliniletea karatasi yake mwenyewe. Ndani yake wewe unakiri kwamba ulikuwa mlinzi wa waasi. Akataka niipige chapa, nitie na sahihi kwamba nilikusikia kwa masikio yangu.

"Afande, hakusema hivyo."

"Kijana, wewe unatetea magaidi?"

"Natetea nilichokisikia."

"Unataka na wewe ukalale nao huko ndani?"

Karatasi nilimrudishia ikiwa haina sahihi. Akasema nikafikirie.

Nimefikiria, shemeji. Sheria wanayosema wanailinda inataka mtu aambiwe kosa lake, afikishwe kwa hakimu, asipigwe ili akubali. Hakuna mahali inaposema isipokuwa Mrundi, wala isipokuwa wakati wa hofu. Kama haitufai wakati wa hofu, itatufaa lini? Na wakati nyie mmefungiwa humo, wale mliowafukuza bado wako porini, na hakuna hata askari mmoja aliyeuliza walipita njia gani.

Najua wanakupiga. Dada aliliona shati lako lilipoletwa kufuliwa. Siwezi kukuambia kwamba maumivu si kitu, mgongo si wangu. Nakuambia tu hili: usiweke dole gumba kwenye karatasi yoyote usiyosomewa. Wasipopata dole lako wala sahihi yangu, hawana kitu.

Sitaomba uhamisho. Sitajisingizia ugonjwa siku ya mahakama. Mama ameniambia nijifiche kwa mjomba huko Majimoto mpaka mambo yapoe. Nimemkatalia, akalia, na bado nimemkatalia.

Basi, Mungu akutunze, shemeji. Ukitaka kunijibu, mwambie katekista anayekuja kusali nanyi Jumapili. Usimpe karatasi, mpe neno tu la mdomo. Ataniambia baada ya misa. Usimtume dada ofisini kwangu. Na siku mtakayopelekwa kwa hakimu, usigeuze tena uso. Nitakuwa nimekaa kwenye benchi karibu na mlango. Omba aitwe karani aliyeandika maneno yako siku ya kwanza. Wakikuuliza ni nani huyo, sema ni Fausti, ndugu wa mke wako. Sema kwa sauti, walio nje nao wasikie. Nitasimama.

Shemeji yako