Mimba ya Kwanza

Dada mpendwa Olaitan,

Salamu nyingi kutoka Ibadan. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba ule mguu umeacha kukusumbua. Sisi huku tunapumua. Najua utanikasirikia kwa kutokupigia simu, lakini kwenye simu ningelia tu na usingeambulia kitu.

Nina mimba, dada. Sikukwambia kwa sababu mama mkwe alikataza isitajwe mpaka ionekane yenyewe, nawe unamjua, akikataza amekataza.

Unakumbuka mimi na Sunkanmi sote tunabeba selimundu, na jinsi ilivyomtesa mwanetu Kolapo mpaka ikamchukua. Safari hii tulikwenda mapema hospitalini, kwa watafiti wanaojaribu kipimo kipya. Hawachomi sindano tumboni. Wanachukua damu ya mama mkononi, wanatafuta humo seli chache za mtoto zilizopenya kutoka tumboni, kisha wanazipima. Nesi aliniuliza kama nimewahi kubeba mimba nyingine. Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe akadakia: "Ya kwanza hii, mwanangu. Mke wetu huyu bado mbichi!" Wakacheka. Yeye anaamini mtoto aliyekufa hatajwi mbele ya mimba changa, asije akamwita mwenzake. Nami nikanyamaza.

Majibu yakatoka: mtoto wa kiume, ana selimundu kamili. Sunkanmi alikaa garini akashindwa hata kuliwasha. Nyumbani amala ikawa inapikwa, inapoa, inamwagwa. Tukaanza kunong'onezana habari ya kuitoa mimba, na kila mmoja akimsubiri mwenzake alitamke neno lenyewe.

Kabla hatujaamua, Daktari Ogunsola alinipima tumbo kwa mashine ya picha. Akatazama, akatazama tena, akasema huyu ni msichana. Akauliza kama nina hakika sijawahi kubeba mtoto wa kiume. Mama mkwe akaja juu: "Daktari, mara ngapi tukwambie?" Hapo nikamkata kauli, mimi ambaye sijawahi kumjibu hata kwa macho. Nikasema nilizaa mwana wa kiume, anaitwa Kolapo.

Daktari alivuta kiti akakaa. Akatueleza kuwa seli za mtoto huweza kubaki katika damu ya mama miaka mingi baada ya kumzaa. Waliyempima huenda ni Kolapo. Kuhusu huyu msichana hawajui lolote, na sasa haikwepeki sindano ya tumboni, Alhamisi ijayo, nayo ina hatari ya kuharibu mimba. Mama mkwe analia chumbani mwake tangu siku hiyo. Siwezi kumchukia, ila siwezi kumbembeleza pia.

Sasa nikwambie lile ambalo hata Sunkanmi simwambii. Daktari aliposema vile, nilipaswa kumwuliza habari za mwanangu aliye tumboni. Sikuuliza. Nilifurahi, dada, nilifurahi mpaka nikaona haya. Nikamwomba anionyeshe ile seli ya Kolapo, hata kwa dakika moja. Akasema haipo tena, huwa wanaivunja ili kuipima. Nikauliza kama zimebaki nyingine. Akasema pengine, ila mpaka wanitoe damu tena. Nikamnyooshea mkono palepale.

Njoo kabla ya Alhamisi, tafadhali. Naogopa kulala pale kitandani nikimuwaza mtoto mmoja tu, na asiwe huyu anayechomwa sindano.

Nisalimie shemeji, uwabusu watoto wote kwa niaba yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Morenike, mama yake Kolapo