Stima ya Kiasi Kimoja au ya Tokeni

Otonglo, Jumanne usiku

Bado sijaelewa. Mama mwenye nyumba anataka jibu kesho: nimlipe stima kiasi kilekile kila mwezi, au niwekewe mita ya tokeni, ninunue stima mwenyewe kadiri ninavyoitumia, kwa bei inayopanda na kushuka.

Friza yangu ya samaki wa kuuza inakula stima. Samaki wa Asembo Bay wakiwa wengi, tokeni itanimaliza. Nikichagua kiasi kimoja nao wakosekane, nitalipia friza tupu.

Jioni nilimwambia mwenye nyumba, "Mama, mimi sijui."

Akaketi. "Hata mimi, Mama Akinyi. Bili ya stima ninayoletewa inabadilika kila mwezi. Naiogopa."

Kumbe nikichagua kiasi kimoja, hofu inabaki kwake: bili ikipanda, atalipa yeye. Nilikaribia kufurahi, nikakumbuka ni mjane, anaishi kwa kodi zetu.

Sasa nimechanganyikiwa zaidi kuliko asubuhi.