Yule wa Njano Haonekani

Jumatatu, 9 Juni

Nimemleta! Njano tupu, mwembamba, hana hata doa. Nimempakata njia nzima kwenye mfuko wake wa maji kama mtoto mchanga. Dada wa duka la samaki wa mapambo alianza kunieleza, huyu mfanye hivi, huyu usimfanye vile. Nikamkatiza. Dada, mimi mwashi, nimesimamisha maghorofa wewe hujazaliwa, nitashindwa na kisamaki? Akacheka. Haya mzee wangu, akasema.

Ni zawadi ya kumpa mke wangu. Hajui! Tangi ni lake. Mawe kayapanga yeye, matumbawe kayapandikiza yeye jiwe kwa jiwe, mchanga kautandaza yeye. Mimi kazi yangu ilikuwa kunung'unika bili ya umeme. Siku anatoka na begi la hospitali aligeuka mlangoni. Hakuniambia sukari iko wapi. Alisema, Mzee, nikute watoto wangu wazima. Watoto! Wale wawili wa rangi ya chungwa wenye milia myeupe. Jike ndiye mkubwa, anamwita Bi Mkubwa. Dume kampa jina langu, kwa sababu anafukuzwa kutwa.

Leo wamempasua mke wangu tumbo. Binti yetu yuko naye. Kapiga, kasema imekwenda vizuri. Kaniuliza nitakuja lini. Nimemwambia nyumba haiwezi kubaki peke yake. Na ile harufu ya hospitali siipendi.

Jumanne, 10 Juni

Hayupo.

Nimewasha taa ya tangi, nimezunguka kila upande. Nimetazama nyuma ya mawe kwa tochi. Nimelala kifudifudi sakafuni, nimeangalia chini ya kabati, chini ya kochi — labda karuka. Hapana. Mfuniko umefunga sawasawa. Goti sasa linaniuma.

Jirani yangu Redio (hanyamazi, ndiyo maana) kaja kuazima koleo. Kasema Bi Mkubwa kamla. Mwanamke gani atakubali mke mwenzie aletwe mwenyewe yuko nyumbani? Akacheka mpaka akakohoa. Nimemnyima koleo.

Nimemwaga chakula. Samaki akisikia njaa atatoka. Hakutoka. Nikaongeza.

Jumatano, 11 Juni

Bado. Nimeongeza chakula tena.

Nimempigia dada wa duka. Nilijifanya namuulizia bei ya taa, halafu nikapenyeza. Akasema, mzee, yule akiogopa anajizika mchangani! Anaweza kukaa humo siku na siku. Ndicho nilitaka kukwambia ukanikatiza. Nikasema nilijua, nilikuwa nakupima tu.

Basi yupo chini ya mchanga. Nikapumua. Nikachemsha chai.

Halafu dada akapiga mwenyewe. Mzee, lakini wengine wanafia humohumo. Sasa nitajuaje? nikauliza. Pima maji. Kuna chupa ndogo ya dawa kabatini kwa mama, unaweka matone kwenye maji kidogo. Yakibaki njano, salama. Yakienda kijani, kuna kitu kinaoza na kinawapa wote sumu.

Nimepima. Njano. Nadhani njano. Chai imepoa sijainywa.

Alhamisi, 12 Juni

Mke wangu kapiga mwenyewe. Sauti nyembamba, kama ya mtu aliye chumba cha pili.

Watoto?

Wazima. Wanakula kuliko mimi.

Na yule mjinga mwenye jina lako?

Kafukuzwa asubuhi hii tena.

Akacheka, akasema aah, usinichekeshe, nyuzi zinavuta. Kisha akasema, Mzee, mbona unapumua hivyo? Nikasema nilikuwa nahamisha kochi. Akasema kochi liache. Nikasikia binti anachukua simu. Ana homa kidogo, baba, usiwe na wasiwasi.

Mimi na wasiwasi? Mimi niliyetembea juu ya ukuta wa ghorofa bila kamba!

Nimepima tena. Nimeipeleka chupa dirishani, nimeirudisha, nimeipeleka tena. Sio njano ile ya jana.

Ijumaa, 13 Juni

Kijani!

Nimetoa chekeche langu stoo. Mchanga naujua mimi. Nimechekecha mchanga wa nusu ya mji huu. Nitautoa wote kwenye ndoo, nitauchekecha, samaki atabaki juu, mzima au maiti, mambo yamekwisha. Nilikuwa nimeshakunja mikono ya shati. Dada wa duka, niliyempigia asubuhi, akabisha hodi na madumu ya maji ya chumvi. Kuona chekeche akapiga kelele. Mzee, usithubutu! Mchanga huu haujaguswa miaka, chini umejaa uchafu. Ukiuamsha wote kwa pamoja hufiki jioni na samaki.

Akanyonya nusu ya maji kwa mpira, akatia mapya. Kazi safi, sisemi kitu. Bi Mkubwa alikuwa amelala ubavu, mashavu yanapiga haraka haraka. Mumewe anazunguka, anazunguka, hajui afanye nini.

Dada akaniuliza, unawalisha kiasi gani? Nikasema kidogo. Akanitazama. Nikasema kidogo tu dada!

Kama ni chakula nilichomwaga kinaoza, maji mapya yatasaidia. Kama ni yule wa njano, hayatasaidia. Dada kasema hivi: kama yuko hai mzee, ukimchimbua katika hali hii utamuua kwa hofu tu, na uchafu utawamaliza hawa. Kama amekufa na humtoi, atawamaliza hawa vilevile. Nikamwambia sasa wewe mtaalamu, ungekuwa wewe ungefanyaje? Akafunga madumu yake. Akasema, mzee, mimi si mwenye tangi.

Nimejiwekea jambo kichwani na halitoki. Hawa wawili wakipona, na mke wangu anapona. Upuuzi, najua. Ningemsikia Redio akisema hivyo ningemcheka mtaa mzima.

Jumamosi, 14 Juni

Kijani. Kimepauka kidogo kuliko jana au ni macho yangu.

Binti kapiga. Homa haishuki. Sikuuliza zaidi.

Chekeche nimelirudisha stoo. Halafu nikalitoa. Liko barazani.

Jumapili, 15 Juni

Nimeamka nikaenda tangini moja kwa moja bila viatu. Dume yuko juu kabisa, mdomo nje ya maji, anahema. Hakuna wa kumfukuza. Bi Mkubwa yuko chini kwenye lile ua lake la baharini lenye vidole laini, anahema lakini hasogei. Nikagonga kioo. Hakugeuka.

Basi nikasema leo. Si kwa chekeche, kwa mkono. Kidogo kidogo, kona kwa kona. Mikono hii imetandaza saruji laini kama uso wa mtoto, itashindwa kupapasa mchanga? Nimeinua mfuniko. Nimezamisha mkono mpaka kiwiko. Maji ya uvuguvugu. Mkono wangu ukaonekana mkubwa mno mle ndani, mzee mno, kama si wangu. Vidole vikafika karibu na mchanga wa mke wangu, alioutandaza mwenyewe. Vikakaa pale.

Kitu kikatikisika kwenye kona ya nyuma. Punje chache tu zikaruka. Au mkono wangu ndio uliovuruga maji. Naapa sijui. Nilikaa hivyo mpaka bega likafa ganzi, nikingoja itikisike tena.

Binti akaingia. Hata hodi sikusikia. Nguo zilezile za tangu Jumatatu, macho yamevimba. Hakuuliza nafanya nini. Alisema, baba, madaktari wanaona kuna kitu ndani kimeharibika. Au labda ni homa tu ya kidonda, hawana uhakika. Wanataka kumpasua tena. Lakini mwili umechoka, anaweza asiamke. Au tusubiri dawa zifanye kazi, na kama kweli kuna kitu humo ndani, kusubiri ndiko kutamuua. Mama mwenyewe kasema muulizeni mzee.

Muulizeni mzee! Miaka yote hii hajawahi kuniuliza hata pazia rangi gani.

Nikautoa mkono. Binti akanipa taulo. Nikaanza kuufuta, kidole kimoja, kidole kingine, katikati ya vidole. Baba, akasema. Nikasema nauona bado una maji, ngoja ukauke. Ulikuwa umekauka zamani. Nikaendelea kufuta.

Sasa nimekaa naandika ili mikono ipate kazi. Yeye kasimama palepale kando ya tangi, simu mkononi. Madaktari wanangoja jibu. Anaitazama ile kona ya nyuma, kwa sababu na mimi naitazama.