Sauti Uliyoikata Makunduchi

Mjomba wangu Khamis,

Aliye mbele ya haki haulizwi hali, kwa hiyo nisamehe nikianza na yangu. Kesho alasiri kipindi cha sherehe ya mwaka ya Makunduchi kinakwenda hewani, na safari hii mtayarishaji ni mimi, Zuwena wako. Ndani ya ukanda mna sauti ambayo wewe unaijua vizuri. Kijiji kizima kinaisubiri kama watu wanavyosubiri hukumu. Mpaka kesho lazima niwe nimeamua: niiache isikike, au niikate kama ulivyoikata wewe ile ya mwaka juzi.

Unakumbuka ulivyoniombea ruhusa kwa mama nifanye kazi nawe redioni? Alikuja juu. "Mtoto wa kike ashinde na mashine, ataolewa na nani?" Ukamjibu dada yako bila ya kucheka, "Ataolewa na mashine." Siku ya pili ukanikalisha barazani kwetu Kiponda, ukanifunga kanga machoni, ukanitaka nikutajie kila kinachopita. Nikasema, baiskeli. "Ya nani?" Ala! Mimi nitajuaje? "Sikiliza mnyororo. Ule haujaonja mafuta tangu Idi, ni wa muuza maziwa." Nikaivua kanga nikaitupa, hasira zangu unazijua. Ukaiokota, ukanifunga tena, na watoto wa mtaa wakanicheka mpaka adhuhuri.

Basi ndivyo nilivyojifunza kazi hii, kwa kuchekwa. Ukanifundisha kuukata ukanda kwa wembe, mshazari, ili maungio yasisikike. Ukanifundisha kwamba kila tunapokwenda kurekodi, kabla ya kufunga mashine, sote tunyamaze kidogo tuunase ukimya wa mahali penyewe. Mimi nikiona ni kupoteza ukanda wa serikali. "Ukimya wa Kizimkazi si wa Darajani," ukisema. "Siku utakapotaka kuziba tundu utanishukuru." Nlikupenda, mjomba. Hakuna mtu mwengine mji huu aliyewahi kuniuliza mimi nimesikia nini.

Mwaka juzi ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Siasa zilikuwa zimeingia mpaka jikoni, watu hawanunui chumvi kwa mwenye chama kisicho chao, hawazikani. Njiani kwenda Makunduchi tukamkuta bibi mtu mzima kasimama juani na kikapu chake, wameshamteremsha kwenye gari la abiria kwa sababu ya kadi ya chama ya mwanawe. Ukampakia. Na wewe uliyekuwa ukiimba tangu mjini ukauacha wimbo katikati.

Sherehe yenyewe ilikuwa kama ilivyo miaka yote. Wanaume wa upande mmoja wa kijiji wanapigana na wa upande wa pili kwa vigogo vya migomba, kila mwenye kinyongo na mwenziwe akitoe pale pale, kisha watu wale pamoja na mwaka uanze safi. Wanaume wakiiona maikrofoni wanakuwa wakavu kama wako mahakamani, kwa hiyo ukanipa mimi niifiche ndani ya kanga, nikasimama katikati ya wanawake wanaoimba. Waya ukapita chini ya miguu yao mpaka garini, ulikokaa wewe na visikizio masikioni.

Mgomba ukimpiga mtu unalia kama nguo mbichi inayopigwa jiweni. Nikausikia hivyo muda mrefu, watu wanacheka, wanatukanana. Mara ikapasuka sauti moja kavu. Mtu akapiga ukelele, si wa mchezo. Wanawake waliokuwa karibu nami wakaacha kuimba. Walio mbali wakaendelea, hawakujua.

Aliyepigwa alikuwa Haji, mkwezi wa minazi. Aliyempiga ni Pandu, shemeji yake, Haji kamuoa dada wa Pandu, nao walikuwa vyama viwili mbalimbali. Nilipofika garini ulikuwa umeshavua visikizio, umekaa mikono mapajani.

"Umesikia?" ukaniuliza.

"Nimesikia fimbo."

"Iko ndani ya mgomba, Zuwena. Mtu kakaa kwake, kaupasua mgomba, kaitia fimbo ndani, kaufunga vizuri."

Na hilo ndilo lililokutisha, nnajua. Si pigo, bali ule utulivu wa mtu aliyekaa kwake akifunga. Kwenye chakula nikaona sinia za upande huu na sinia za upande ule, na katikati nafasi ya kupita ng'ombe.

Studioni nikakutegemea uiache. Ukaikata. Nikakusimamia kichwani, nikakwambia huo ni uongo, ukaninyooshea wembe kama kidole. "Ikitoka hii leo, kesho wanachinjana. Wewe unataka damu ndiyo iwe kipindi?" Tundu ukaliziba kwa nyimbo za wanawake, zile zile nilizozinasa mimi. Mshazari, safi, hata mimi sikuyasikia maungio. Watu wakatusimamisha njiani kutupongeza. Mzungu wetu, mkuu wa ofisi, akasema kipindi kimechangamka.

Kisha Haji akaja nyumbani. Mkono wa kulia umekunjika kwenye kiwiko haunyooki, na mkwezi bila ya mkono ni nini? Ukamkaribisha kahawa na haluwa. Akasema wazee wa kijiji walikuwa wameikalia kesi yake. Upande wa Pandu wakasema hakupigwa fimbo, kaanguka mnazini. Na ushahidi wao ulikuwa sisi. "Wamesema redio ilikuwepo, na sote tumeisikia, migomba mitupu. Nimekuwa muongo, Bwana Khamis, mbele ya mke wangu."

Ukamwambia mashine iliharibika kidogo.

"Imeharibika pale pale nilipopigwa mimi?"

Ukammiminia kahawa nyengine. Akainuka, akakuaga kwa adabu zake zote, haluwa hakuigusa. Mimi nlikuwa nimekaa mlangoni, na mpaka leo nnaona haya kwa ajili yako. Ule ukanda ulikuwa umeshafutwa ukatumika tena, na kile kipande ulikuwa umekitupa. Hata ungetaka kurudi nyuma, hapakuwa na njia. Toka siku hiyo sikukusikia ukiimba tena, si garini wala chooni. Mwaka jana ukaumwa, redio haikwenda Makunduchi, ukaenda zako, na jambo hili hukulitaja hata kwa mama.

Sasa sikiliza ya mwaka huu. Nimekwenda na msaidizi, yeye kashika maikrofoni, mimi nimekaa na visikizio. Nlikuwa nnaisubiri, mjomba, nakwambia kweli. Ikaja. Pigo kavu, zito kuliko lile, na mtu akaanguka bila ya kupiga ukelele. Nikainua macho. Haji kasimama, kigogo cha mgomba kiko mkono wa kushoto, ncha ya fimbo imetokeza. Pandu yuko chini, damu inamtoka sikioni. Na hakuna aliyekimbia wala aliyeshangaa. Wametazamana tu, upande huu na upande ule, kama watu wanaosoma saa.

Pandu amelala kwake mpaka leo, maneno hayatoki sawasawa. Watu wa Haji wanasema kajikwaa kwenye jiwe. Wazee wamesema hawaikalii kesi mpaka wasikie kipindi. Msaidizi wangu, aliyekwenda huko juzi, anasema betri za redio zimekwisha dukani, kila mtu kajiwekea ya kesho. Tena kila upande umejitenga, wako kwao na kwao, na visogoni mwa nyumba wanaume wananoa mapanga na kusema ni ya kupalilia.

Nifanye nini? Nikikata, Pandu naye atakuwa muongo kama alivyokuwa Haji, na wametoka sawa kwa sawa. Wallahi nimeitamani hiyo. Wembe nimeushika leo asubuhi. Lakini fimbo ya mwaka juzi aliyeifunga ni Pandu, na ya mwaka huu mmeifunga wewe na Haji. Nikiikata hii, ya mwakani nitakuwa nimeifunga mimi. Na nikiiacha peke yake, Haji atahukumiwa kwa sauti yetu, na aliyemuanza alisalimika kwa sauti yetu hiyo hiyo. Dhulma juu ya dhulma.

Kwa hiyo nitaiacha, na kabla yake nitasema mwenyewe, hewani, kinyume na karatasi ya kipindi aliyoipitisha Mzungu: mwaka juzi palikuwa na sauti kama hii, Haji alipigwa na alisema kweli, na sisi tuliikata. Watauliza ni nani, sisi. Nitawaambia. Kazi yangu itakwisha hapo hapo, hilo nimeshalikubali. Nisilolijua ni kitakachotokea Makunduchi jua likizama. Huenda wazee wakawakalisha wote wawili. Huenda ukawa ulisema kweli, wakachinjana, na nikawa mimi niliyewapa ruhusa. Naogopa, mjomba.

Mama nimemwambia leo mchana, sikutaka alisikie kwa jirani. Ameiweka sahani chini. "Ndugu yangu hana mdomo wa kujibu," amesema. "Ukimtaja, humu usirudi." Nimemjibu, "Naam, mama," nikamaliza kuosha vyombo. Nguo zangu nshazipeleka kwa shoga yangu, mtaa wa Ng'ambo.

Mungu akurehemu, mjomba, na mimi anisamehe. Kesho nitalitaja jina lako lote, na la baba yako, na la babu yako, wasije wakadhani ni Khamis mwengine.

Mpwa wako,
Zuwena