Vitambaa Viwili Ndani ya Bahasha

Chumba cha Kushonea,
Ghorofa ya pili, nyuma ya kiwanda cha mikate.
Jumanne, 14 Mei.

Mpendwa mdogo wangu, Mzee wa Kufuli,

Pokea salamu tele za dada yako. Hujambo? Wifi na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, na mimi hasa ni mzima kuliko uliponiona mara ya mwisho.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Eti mwisho wa mwezi unamwachia mwenzako kibanda chako cha kuchonga funguo, kwa sababu vidole vimekufa ganzi, havihisi tena meno ya ufunguo, na kwamba ugonjwa wa sukari ndio umeshafika vidoleni. Nani kakuambia? Hebu tulia unisikilize.

Unamkumbuka muuza vitambaa jirani yangu? Mwaka jana nilimgombeza mbele ya wateja wake kwamba ananiuzia nailoni akiita pamba. Kila jora nililoshika niliona linateleza tu. Maskini, akatoa kiberiti akachoma uzi. Ukaacha majivu laini, nailoni ingeyeyuka. Niliona haya, nikaondoka bila kuaga. Kumbe vidole vyangu ndivyo vilivyokuwa vikinidanganya, na mimi kama wewe nikaisingizia sukari.

Daktari akaniuliza nimemeza metformini, hivi vidonge vyetu vya sukari, miaka mingapi. Kumi na mmoja, nikamwambia. Akaagiza damu ipimwe vitamini B12, ikakutwa chini mno. Alinieleza kwamba dawa hiyo, ukiitumia muda mrefu, inaweza kuupunguzia mwili vitamini hiyo, na ikipungua neva zinaumia. Ganzi yake hufanana kabisa na ile ya sukari. Nami kwa kujifanya mgonjwa mwema nilikuwa nimeacha nyama, mayai na maziwa, kumbe humo ndimo vitamini hiyo inamopatikana! Nimechomwa sindano mpaka nesi akaanza kuniita mpangaji wake.

Sasa nashona. Gumba la kushoto bado zito, na daktari hakuniahidi kila kitu. Alisema mtu akichelewa sana, neva huenda zisirudi. Ndiyo maana sikubembelezi, nakuamuru. Vidonge usiviache, tusije tukalia kwa jingine. Ila una miaka tisa navyo, na B12 hujawahi kupima. Nakujua mimi, ukiona sindano tu unatafuta mlango.

Muuza vitambaa nilimwomba radhi. Kanisamehe, lakini kila nikiingia dukani ananionyesha kiberiti. Mtu huyo!

Nisalimie wifi, binti yako Kicheko na shangazi. Mungu ailinde mikono yako, maana ndiyo inayowalisha wote hao.

Humu ndani nimekuwekea vitambaa viwili, pamba na nailoni, vyote vyeupe. Fumba macho uvipapase. Ukivijua, nicheke njia nzima ya kwenda kupima damu. Usipovijua, nenda mbio. Na ufunguo wa kibanda ubaki mfukoni mwako.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikufokea.