Grupu Lisilokuwa na Mimi

Alhamisi. Joto limeshika tangu asubuhi na upepo haupiti dirishani. Nimerudi kutoka shule, nimeswali alasiri, nimepika chai ya mtu mmoja, na sasa naandika kwa sababu hapa ndani hakuna wa kumwambia.

Tangu mamangu afariki mwaka jana, nakaa peke yangu ghorofani hapa Mji wa Kale. Chini kuna duka la vitambaa. Wakishafunga, nyumba nzima hunyamaza. Nafundisha Kiswahili kidato cha tatu katika shule ya kutwa, na muhula uliopita nilifungua grupu la darasa kwenye simu. Wanafunzi thelathini na wanane. Kila jioni nikawatumia somo fupi kwa ujumbe wa sauti: ngeli, uakifishaji, barua rasmi. Mwalimu mkuu alinisifu kikaoni, akawaambia wenzangu waige.

Nilisema ni kwa ajili ya masomo. Nusu yake ni kweli. Nusu nyingine ni kwamba nilitaka sauti za watu humu ndani jua likishatua.

Wiki za mwanzo zilikuwa tamu. Waliuliza, walibishana, walitumiana picha za madaftari, nami nikala chakula changu huku nawasoma. Kisha wakanyamaza. Nikituma somo, alama za buluu zinaonyesha wamelifungua, na hapana anayejibu neno. Nilidhani ni mitihani. Nilidhani bando zimewaishia. Wiki tatu nimekuwa nikizungumza peke yangu.

Jana jioni ukaingia ujumbe: "Ile redio imeanza tena. Nani ana jibu la swali la nne?" Ukafutwa upesi, lakini nilikuwa nimeshausoma. Ulitoka kwa Rukia, kiranja wa darasa. Alikusudia kuupeleka kwingine.

Redio ni mimi.

Leo wakati wa mapumziko nilimwita Rukia maktabani. Nilikuwa nimeapa sitamkaripia, na sikumkaripia. Alisimama akisokota ncha ya mtandio wake.

"Mna grupu jingine?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Wamo nani?"

"Sote." Akauachia mtandio. "Ila wewe tu."

Nilimuuliza kwa nini. Mara mbili alisema hajui. Mara ya tatu akasema, "Ni tangu siku ile ya Mercy, mwalimu. Kila mtu aliona leo ni yeye, kesho ni mimi. Kule mtu huandika tu anavyoweza."

Siku gani ya Mercy? Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mimi nilikuwa nimesahau.

Mercy alihamia kwetu mwanzoni mwa mwaka, babake alipopata kazi bandarini. Wametoka bara. Nilikaa ofisini nikapekua simu nikirudi nyuma, siku baada ya siku, mpaka nikafika. Alikuwa ameandika: "Mwalimu, hii kitabu tunasoma mpaka wapi?" Nami nikamjibu mbele ya darasa zima: "Kitabu hiki, Mercy. Hii kitabu ni Kiswahili cha wapi?" Nikamalizia na viuso vitatu vinavyocheka hadi kutoa machozi.

Swali lenyewe sikulijibu.

Baada ya hapo ni mimi peke yangu, somo juu ya somo. Darasani ningemsahihisha, wangecheka, kengele ingelia, tungeendelea. Lakini kwenye simu maneno yangu yalibaki pale pale, na yeyote angeweza kurudi kuyasoma. Yeye ameyasoma mara ngapi? Mimi lugha hii niliikuta nyumbani, sikuitolea jasho. Yeye anajifunza kila siku mbele za watu.

Saa ya kutoka nilimkuta langoni akimngoja dadake. Nikamwambia nilimkosea. Kwamba aliuliza vizuri nami nikamfanyia mzaha, na kwamba naomba radhi. Alitazama viatu vyake.

"Hakuna shida, mwalimu," akasema. "Nimezoea."

Angenikasirikia ingekuwa afadhali.

Nimetembea mpaka nyumbani bila kuona njia. Nilipofika nilirekodi ujumbe mmoja katika grupu, wa mwisho. Nimelitaja kosa langu lilivyo, mbele ya wale wale walioliona. Nimempa Rukia usimamizi. Nimesema somo nitamtumia yeye, awapelekee huko waliko, na mwenye swali ampe yeye aniletee, hata bila jina. Nilirekodi mara nne kabla ya kuutuma. Kisha nikajitoa.

Hapana aliyeniomba nibaki. Sijui kwa nini nilitazama kama yupo.

Nimeosha kikombe. Nimekunja nguo ambazo zilikuwa zimekwisha kukunjwa. Misikiti ya hapa karibu imeadhini magharibi, mmoja ukitangulia mwingine, nikaswali, nikarudi kukaa. Kumbe jioni zangu zote tangu muhula uliopita zilitegemea simu hii, nami nikawa najiambia ni kazi.

Dakika chache zilizopita imelia. Nilidhani ni Rukia. Ni Mercy, ameniandikia mimi mwenyewe kuhusu zoezi nililowapa darasani leo.

"Mwalimu, hii ufupisho ya leo, mifano tunaacha ama tunaweka?"

Vidole vyangu vilishaanza kuandika "ufupisho huu". Nimefuta. Nimemjibu kwamba mifano tunaiacha, tunabaki na hoja kuu tu, na kwamba ni swali zuri kwa sababu wengi hukosea hapo. Ngeli nitaifundisha wiki ijayo, ubaoni, kwa wote, bila kumtazama mtu.

Amejibu: "Sawa." Nimengoja kidogo. Hapana lingine.

Huenda amenisamehe. Huenda alitaka tu kumaliza zoezi lake, na mimi ndiye niliyekuwa karibu. Si haki yangu kumuuliza.

Kesho nina vipindi viwili nao. Nitaingia darasani nikijua kwamba wote thelathini na wanane wanazungumza mahali nisipokuwepo, labda wananitaja, labda hata hawanitaji. Nimeazimia kufundisha, na nikishauliza swali, ninyamaze mpaka mmoja wao azungumze.