Mimi Nabeba Saruji

Doha, mwezi wa tatu, 2018

Kwako kaka Laban,

Pokea salamu zangu, wewe na mama Wesley na watoto. Mama bado anameza dawa ya presha ama ameanza tena kuificha? Na ile ng'ombe ilikuwa inakohoa, imepona? Mimi huku niko. Mgongo unasumbua na joto limeanza mapema, lakini kazi nashika. Si mgonjwa.

Barua hii analeta Wanjiru, yule wa kazi ya hoteli West Bay, anakuja likizo. Mpe chai. Kupiga simu sikutaka, na kutuma sauti sitaki tena. Sababu utaiona huko mbele.

Nimepata ujumbe wako. Umesema Pasaka mnakaa kikao, na mkitoka kikao Cheryl wangu anaondoka kwako na gitaa linabaki. Umesema huwezi kulisha mtu anayemtukana baba yake kwa video mbele ya dunia. Kaka, nakuheshimu. Wewe ndiye umemlea tangu mama yake azikwe. Lakini usimtoe kabla hujamaliza kusoma hii.

Hiyo video sikuitafuta. Ilinipata kwa basi, tukitoka saiti Al Wukair kurudi kempu. Kuna Mtanzania tunafanya naye, Zuberi, mtu wa Tanga, mdomo wake haufungi. Akainua simu juu kila mtu aone. Naangalia, naona nyumba. Nikasema hii nyumba naijua. Ni yangu, Laban, ile haina paa. Cheryl amesimama pale sebule itakuwa, amevaa ovaroli yangu ya zamani, gitaa shingoni. Vijana wawili wako nyuma yake, mmoja na ngoma za kizungu, mmoja na gitaa lingine. Hiyo ndiyo wanaita roki. Inaanza na mwanaume anaongea kama yuko ndani ya debe: "Cheryl, mimi nabeba saruji, wewe unabeba gitaa." Halafu ngoma zinaanguka, na msichana anaimba mpaka mishipa ya shingo inatoka. Anaimba vizuri, hiyo siwezi kukataa. Halafu hayo maneno ya saruji yanarudi. Na yanarudi tena.

Basi lote likacheka. Zuberi akairudisha mwanzo. Mimi nikaangalia nje dirishani.

Tangu hapo sina amani. Ukinyoosha mgongo kidogo tu, mtu anapita na toroli anakuambia, "Mzee, mimi nabeba saruji, wewe unabeba nini?" Wanepali hawajui Kiswahili hata neno moja, lakini hilo wanalijua. Herbert, Mganda wa geti, analisema akipekua mifuko yetu. Foromani aliuliza maana, akaelezwa, sasa ndilo analotuharakisha nalo.

Ijumaa ndiyo mbaya zaidi. Wakenya tunakutana Al Sadd, kwa mkahawa mmoja wa chapati. Hapo habari ni moja, baba ya huyo msichana. Mmoja anasema huyo baba hana moyo. Mwingine anasema ana haki, hiyo roki itamlisha nani. Wanjiru akasema siku akikutana na huyo baba atammwagia chai kichwani. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye. Nikasogeza kikombe chake mbali. Sasa yeye ndiye amekuletea barua. Usimwambie kitu.

Halafu wewe. Umesema vijana wa kwaya walikuimbia hiyo ya saruji ukitoka kanisani. Umesema Cheryl na wenzake wamelipa mtu aige sauti yangu ndio nichekwe, na wewe utaenda mpaka redio waisimamishe. Laban, nimechoka. Nimechoka na Zuberi, nimechoka na kwaya yenu, na wewe pia. Kila mtu anajua huyo baba ni mtu wa aina gani. Hakuna hata mmoja anajua sauti ni ya nani.

Hakuna mtu amelipwa. Ni mimi.

Ilikuwa mwaka jana, saa ya chakula. Cheryl alinitumia wimbo amejirekodi kwa simu, na hapo hapo akaniambia ameacha kozi ya ushonaji. Nikakasirika. Nikafinya pale pa kutuma sauti kwa Watsapu, nikamwambia hiyo ya saruji na mengine mabaya kuliko hiyo. Unajua mdomo wangu. Nikaweka simu mfukoni, nikarudi kukoroga zege. Kumbe kidole kiliteleza na simu ikaendelea kurekodi. Ikarekodi koleo langu likikwaruza. Ikanirekodi naimba kwa pua ule wimbo wa mama Cheryl, ule alikuwa anaimba akichambua maharagwe. Si wa kanisa, ulikuwa wake tu. Mimi huuimba nikifanya kazi na hata sijui kama naimba. Halafu nikaongea peke yangu. Nikasema, "Mama Cheryl, mtoto wako anaimba. Nimfanye nini?"

Yote ikaenda kwake.

Kabla watoe wimbo aliniuliza. Alisema nikikataa ataondoa sauti yangu yote. Nilikaa na hiyo kitu kichwani mpaka nikamwaga ndoo ya watu. Mwisho nikamwambia kama ni kuweka, aweke mwanzo na aweke mwisho, asichague. Akaweka. Na nikamwambia asitaje ni mimi, maana niliona haya. Ndio sababu ulipomgombeza alinyamaza. Hajanitukana. Alifanya vile nilisema.

Lakini watu wanazima. Ngoma zikinyamaza wanafikiri imeisha. Zuberi anazima. Wale wa Al Sadd wanazima. Wewe pia umezima, najua, kwa sababu hujaniuliza habari ya koleo. Kila mtu amebeba yale maneno mabaya, hakuna aliyefika kule mwisho. Hiyo inaniuma kushinda mgongo.

Juzi Zuberi alinirushia tena hayo ya saruji. Nikaweka toroli chini, nikamwambia hiyo sauti ni yangu na huyo msichana ni wangu. Akaniangalia, akaita wenzake. Akasema, "Mzee Dominiko, na wewe unataka kuwa staa?" Wakapiga makofi. Nikainua toroli yangu nikaenda.

Huku hawataamini. Basi siku ya kikao usianze na maneno. Mketishe mama karibu, weka huo wimbo, na ngoma zikinyamaza usiguse simu. Mwanzo waliipitisha sauti yangu kwa mashine. Mwisho hawakuigusa. Ukishasikiza mpaka koleo linyamaze, na bado unataka Cheryl atoke, mwambie aende kwa ile nyumba yangu. Paa nitatafuta. Lakini sikiza kwanza. Wewe ulinisikia nikiwa mtoto naanza kuongea. Utanijua.

Salimia mama, mwambie dawa ni ya kumeza. Salimia mama Wesley na yeyote atakayeniuliza kwa wema. Na mwambie Cheryl ile ovaroli ni yake, lakini ashone pale gotini palipochanika, si kozi aliifikisha nusu.

Mimi ndugu yako,
Dominiko